Kuitia Jina: Maana za Neno Moja na Mambo Manne

Ndugu wasomaji, yako maneno ya Kiingereza ambayo mtu aweza kuyasikia miaka mingi asiyajue ila nusu. Mojawapo ni neno "invoke". Mwanafunzi akilitafuta katika kamusi aona maana tatu nne zimepangwa moja chini ya nyingine, kama magunia ghalani, wala haonyeshwi ni kitu gani kilichoyaleta magunia hayo katika ghala moja. Aambiwa kwamba ni kumwita Mungu katika sala. Tena ni kuita mizimu na pepo. Tena ni kumtaja mkuu awe shahidi. Tena ni kuishika sheria ili ikutetee. Mwanafunzi huuliza, Je, haya yana ujamaa gani? Mtu apigaye magoti kanisani amefanana nini na mganga apigaye ngoma usiku, au na mtu asimamaye mbele ya kadhi au hakimu?

Swali hilo ni jema, na leo nataka tulifuate mpaka mwisho wake. Maana habari hii si ya kamusi tu. Ni habari ya jinsi tunavyolitumia jina la Mungu, na jina la sheria, tukiwa shambani, sokoni, barazani na kanisani.

Kwanza tuitazame asili ya neno. Limetoka katika lugha ya Kilatini, ambamo "vox" maana yake ni sauti, na "vocare" ni kuita. Kutoka katika shina hilo yametoka maneno mengi ya Kiingereza. "Vocation" ni wito, yaani kazi ambayo mtu ameitiwa. "Advocate" ni wakili, yaani mtu aliyeitwa aje kusimama ubavuni mwa mwenye shida. "Evoke" ni kuamsha kitu kilicholala: kama vile harufu ya karafuu zilizoanikwa juani imkumbushavyo mtu wa Pemba nyumba ya wazee wake, ajapokuwa yu mbali sana. Hapo hakuna aliyeombwa wala aliyeitika. Kumbukumbu imekuja yenyewe. Lakini "invoke" si hivyo. Neno hili lataka mambo matatu yawepo: mtu aitaye, jambo lililomshinda mtu huyo, na mwenye nguvu aliye mkuu kuliko yeye, ambaye aitwa aingie katika jambo lile.

Katika Kiswahili chetu mambo hayo hayakutiwa katika chombo kimoja. Kumwita Mungu twasema kumwomba, au kuliitia jina lake. Kuita pepo twasema kupandisha. Kumtaja Mungu awe shahidi twasema kuapa. Kuishika sheria twasema kudai haki, au kukata rufani. Mtu asidhani ya kuwa lugha yetu ni maskini kwa sababu hiyo. Imeweka kila kitu mahali pake. Ila faida moja twaikosa. Kwa kuwa maneno ni manne, hatuoni upesi kwamba swali lililo ndani yake ni moja. Nalo ni hili: Mtu amwitapo aliye mkuu kuliko yeye aingie katika shauri lake, ni nani atakayekuwa bwana wa shauri lile tangu saa hiyo?

Twaweza kuanza na desturi yetu ya kila siku. Mtu afikapo nyumba ya mwenziwe husimama nje akasema, Hodi. Neno hilo ni fupi, lakini lina heshima kubwa ndani yake. Asemaye hodi amekiri kwamba nyumba si yake. Amekubali kungoja. Akiambiwa karibu, ataingia kwa adabu ya nyumba ile, atakaa atakapoonyeshwa. Akibisha mara tatu asiitikiwe, atarudi zake wala hatavunja mlango. Mwizi peke yake ndiye aingiaye pasipo hodi, kwa sababu hakuja kumtaka mwenye nyumba. Amekuja kuvitaka vyombo vyake. Basi wako waitao kama mgeni, na wako waitao kama mwizi. Naomba msomaji aikumbuke tofauti hiyo tunapoendelea.

Sasa tuje kwenye habari ya pepo, ambayo kisiwa cha Pemba kimepata sifa kwayo katika pwani yote, sifa ambayo wengi wetu hatuipendi. Sikusudii hapa kushindana juu ya asili ya pepo. Nataka kutazama maneno tu, maana maneno ya watu wenyewe hushuhudia. Mtu aendaye kwa fundi wa pepo huenda kwa kutaka kupata: apate afya, au mtoto, au bahati, au amshinde adui yake. Adhani ya kuwa ataita, na atakayeitwa atatumika. Lakini msikilizeni fundi mwenyewe asemavyo. Yule aliyepandwa na pepo haitwi bwana wa pepo, huitwa kiti. Pepo ndiye mwenye kukaa, na mtu ndiye mwenye kukaliwa. Tena pepo akisha kupanda huanza yeye kudai: ataka ubani, ataka nguo ya rangi fulani, ataka chakula chake, ataka ngoma, na mwakani ataka tena. Aliyeingia kwa kutaka kuamuru ametoka akiamriwa. Basi lugha yetu imesema kweli bila ya kuhubiriwa.

Nasi Wakristo tusijione tumepona kwa sababu hatuendi ngomani. Katika Matendo ya Mitume, mlango wa 19, twasoma habari za wana saba wa Skewa katika mji wa Efeso. Hawa walimwona Paulo akiponya watu kwa jina la Yesu, wakaona kwamba jina hilo ni dawa yenye nguvu kuliko dawa zao. Wakalichukua, wakalitaja juu ya mtu mwenye pepo. Yule pepo akawajibu kwamba Yesu amjua, na Paulo habari zake anazo, lakini wao hawajui ni akina nani; na yule mtu akawarukia, wakakimbia uchi na wenye majeraha. Kosa lao lilikuwa nini? Jina walilolitaja ni jina jema kupita yote. Kosa ni kwamba walilitaka jina wasimtake mwenye jina. Waliingia nyumbani pasipo hodi. Basi mtu aandikaye neno la Zaburi katika kipande cha karatasi na kulifunga mkononi, na mwenziwe asomaye Zaburi ya 109 usiku ili jirani yake afe, hao wajiulize wanaita kwa njia gani.

Jambo la tatu ni kiapo, na hili latugusa wengi. Mtu amekwenda kuuza karafuu zake. Mnunuzi aona shaka, zaonekana hazijakauka vema, na unyevu waongeza uzito. Muuzaji amjibu, "Haki ya Mungu, zimekauka!" Ametenda nini huyo? Amemtoa Mungu mbinguni na kumweka juu ya mizani pamoja na gunia, ili uzito wa jina lake ufidie upungufu wa karafuu. Mnunuzi hataki kubishana na Mungu, basi anyamaza. Kwa hiyo jina lile halikuitwa ili kweli ijulikane. Liliitwa ili maswali yakome.

Wazee wetu wa pwani waliiona hatari iliyomo katika jambo hili. Jirani zetu Waislamu wanayo desturi ya kusoma halubadiri, yaani kuyasoma majina ya watu waliopigana pamoja na Mtume wao katika vita vya Badri, juu ya mwizi au mdhalimu asiyejulikana. Wapo miongoni mwao wasioikubali desturi hiyo, lakini wote wajua jinsi watu wanavyoiogopa. Na wenye busara humwonya kwanza yule atakaye isomwe, wakimwambia ajichunguze, maana kama yeye ndiye mwenye hatia, jambo lile laweza kumrudia mwenyewe. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Katika onyo hilo iko fikira ya kweli: nguvu iliyoitwa ihukumu haitamhukumu mmoja tu. Aitaye hakimu aje nyumbani amemwita aingie katika vyumba vyote.

Kisiwa chetu kiliwahi kupata walimu wa jambo hili kutoka mbali. Mwaka 1897 Wakristo wa Uingereza waitwao Marafiki, au kwa jina jingine Wakweka, walianza kazi ya misheni hapa Pemba, nao wakawa na shamba Banani, karibu na Chake Chake, chini ya Theodore Burtt. Wakristo wa chama hicho wamejulikana tangu zamani kwa kukataa kuapa. Mwanzilishi wao, George Fox, alitiwa gerezani mwaka 1664, akafungwa Lancaster, kisha katika ngome ya Scarborough mpaka mwaka 1666, kwa sababu alikataa kula kiapo cha kumtii mfalme. Hakukataa kumtii mfalme, alikataa kuapa. Wenziwe wengi walipata mateso kama hayo, mpaka mwaka 1696 Bunge la Uingereza lilipowapa ruhusa kutoa neno la kuthibitisha badala ya kiapo katika mambo mengi.

Mtu aweza kuuliza, Kuna haja gani kukaa gerezani kwa ajili ya maneno machache? Wao hujibu hivi: Mtu akisema, "Sasa naapa, basi nasema kweli," amekiri kwamba jana, aliposema pasipo kiapo, alikuwa na ruhusa kusema uongo. Amejiwekea vibaba viwili vya kweli, kikubwa cha mahakamani na kidogo cha nyumbani. Bwana wetu alitufundisha ya kuwa ndiyo yetu iwe ndiyo, na siyo yetu iwe siyo. Makanisa mengine, na la Kianglikana mojawapo, huona kwamba kiapo cha haki mbele ya hakimu chaweza kukubaliwa, wala sitaki kuwagombanisha ndugu. Lakini wote wawili wakubaliana katika hili: atajaye jina la Mungu juu ya neno lake amejiweka mwenyewe mbele za Mungu pamoja na neno hilo. Kama hawezi kusimama pale, na anyamaze.

Jambo la nne ni sheria. Hapa wengine watasema, Sheria si roho, wala haina masikio, yaitwaje? Lakini Waingereza husema hivyo hasa, kwamba mtu "ameiita" sheria, yaani ameitaja na kuisimamisha iwe ngao yake. Mfano mzuri ni Paulo Mtume. Alipoona ya kuwa liwali Festo ataka kumpeleka Yerusalemu kwa adui zake, alilitaja jina la Kaisari, akakata rufani kwake, kwa kuwa yeye alikuwa raia wa Rumi. Mara moja mikono ya adui zake ikalegea. Lakini tazameni na upande wa pili. Festo alimwambia kwamba, kwa kuwa amemtaka Kaisari, basi kwa Kaisari atakwenda. Na baadaye Mfalme Agripa alisema kwamba mtu huyu angaliweza kufunguliwa, kama asingalitaka rufani. Jina la Kaisari lilimwokoa Paulo, na jina hilo hilo likamshika, likampeleka baharini, likamvunjia merikebu, likamfikisha Rumi akiwa mfungwa. Paulo alijua, akakubali. Huo ndio uungwana wa mtu aitaye: kuipokea sheria yote, si kipande kimpendezacho.

Na katika visiwa vyetu jambo hili lilionekana kwa namna iumizayo moyo. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamud bin Muhammad alitoa amri kwamba mahakama za Unguja na Pemba zisikubali tena dai la mtu juu ya mtu kwa sababu ya utumwa. Wengi hudhani ya kuwa siku ile watumwa wote waliamka asubuhi wakiwa huru. Sivyo. Amri ile haikwenda mashambani kumfungua mtu. Ilikaa mahakamani ikingoja kuitwa. Mtumwa aliyetaka uhuru ilimpasa aende mwenyewe, asimame, adai. Na akisha kudai, sheria nayo ilimdai: aonyeshe ana mahali pa kukaa na njia ya kujilisha, la sivyo atahesabiwa mzururaji; tena awe chini ya kodi na kazi za serikali kama wengine. Kisiwani Pemba serikali ilimweka John Farler, ambaye zamani alikuwa padre wa misheni huko Magila, ashughulike na mambo hayo. Wako waliokwenda wakapewa uhuru wao. Wako waliokimbia tu pasipo kumwambia hakimu neno. Na wako wengi waliokaa palepale, wakapatana na mabwana zao kwa kazi ya siku kadha katika juma, kwa sababu nyumba, na mihogo waliyoipanda, na kaburi la mama, vyote vilikuwa katika shamba la bwana. Na masuria walitengwa na amri ile, wakaambiwa wangoje, isipokuwa aliyeweza kuonyesha kwamba ametendewa ukatili. Hata mwaka 1909 ndipo amri nyingine ilipowafikia wao pia.

Basi hapa hoja yetu yakutana na jiwe. Mpaka sasa nimesema kwamba aitaye na ajue amejitia mikononi mwa aliyeitwa, kwa hiyo asiite kwa wepesi. Neno hilo lamfaa mwenye karafuu na kiapo chake, na mwenye kwenda kwa fundi. Lakini je, lamfaa yule mwanamke shambani, ambaye hakujua kusoma, aliyekuwa na hofu, wala hakujua hata jina la ile sheria? Tutamwambia nini? Kwamba haki ilikuwapo, ila hakuiita? Sheria ingojayo kuitwa humpendelea mwenye sauti kubwa, na mwenye miguu ya kufika mjini, na mwenye ndugu wa kumpokea arudipo. Asiye na hayo hubaki alipo, kisha watu husema kwamba aliridhika.

Naona jibu halimo katika neno "invoke" lenyewe, bali katika mwendo wa Mungu na watu wake. Katika bustani ya Edeni, si Adamu aliyeita kwanza. Adamu alikuwa amejificha, na Mungu ndiye aliyeita kumuuliza yuko wapi. Kule Misri, Waisraeli katika utumwa wao walikuwa wakiugua na kulia. Kilio tu, hapakuwa na wakili wala hati. Mungu akakihesabu kilio kile kuwa ni wito, kisha akamwita Musa kwa jina lake pale kijitini, amtume kwa Farao. Angalieni mpango wa mambo. Wasioweza kunena waliugua, Mungu akasikia, naye akamwita mtu mwenye ulimi mzito akanene kwa ajili yao. Ndiyo maana nasema kwamba maneno yale mawili ya Kiingereza, "invoke" na "advocate", ni ndugu wa tumbo moja, na haifai kuwatenga. Mmoja ni kumwita mkuu anisaidie mimi. Wa pili ni mimi kuitwa nimsaidie aliye mdogo. Atakaye kulitumia la kwanza na kulikataa la pili, hajalijua wala la kwanza.

Mambo haya yana kazi hata leo vijijini mwetu. Sheria za nchi ni nyingi, na bado zinangoja kuitwa. Yuko mjane ambaye shemeji zake wamegawana mikarafuu ya marehemu mumewe, naye anyamaza kwa sababu hajui kwamba ana fungu. Yuko mtoto wa kazi ambaye mshahara wake hukaa kwa bwana wake mwezi baada ya mwezi. Hao tusiwaambie, Mbona hamkusema? Sisi tuliosomeshwa tulipewa herufi si kwa kusoma barua zetu wenyewe tu. Mwenye kujua kuandika na amwandikie asiyejua. Mwenye kujua njia ya mahakama na amsindikize asiyeijua. Na mkristo aonaye dhuluma asiseme kwamba hakuitwa, maana kilio cha maskini ndio wito wenyewe.

Basi kwa ufupi, ndugu zangu, naona kamba iyafungayo magunia yale manne ni hii: kuita aliye mkuu si kumshika mkono umtumie, ni kuutoa mkono wako aushike yeye. Kwa hiyo tusiwaite wale ambao hatutaki watukalie. Tusilitaje jina la Mungu juu ya neno tusilothubutu kulisema mbele zake. Tukiishika sheria, tuishike yote, ituhukumu na sisi. Na tuliitiapo jina la Bwana katika sala, tukumbuke ya kuwa yeye alitangulia kutuita, na kwamba aweza kutujibu kwa kututuma. Mtu asemaye hodi katika mlango huo na awe tayari. Huenda ataambiwa karibu, na huenda akaonyeshwa nyumba ya jirani, aambiwe, Nenda kule, kuna mtu alia.